Mashine Iliyosema Kulwa Amekuja

Ninyi vijana mnaoandika programu mkiwa mmeipakata kompyuta mapajani kama mtoto mchanga, mkitaka kuhifadhi jina la mtu na habari zake mnaandika mstari mmoja tu. Jina huku, habari kule, alama katikati, kwisha. Mjukuu wangu alinionyesha juzi. Akaandika jina langu, Shija, akalipatia kijiji na umri, kisha akaliita, na kompyuta ikajibu papo hapo. "Bibi, umeona?" Nimeona. Niliona mpaka nikainuka nikaenda jikoni kusonga ugali ambao hakuna aliyeuomba, kwa sababu sikutaka anione usoni.

Hicho anachokiita hashi, na wenzake wengine wanakiita kamusi, sisi tulikijenga kwa mikono yetu. Lugha ya mashine yetu haikuwa nacho. Ilikuwa na safu tu, na kutoka kwenye safu mtu ulijitafutia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, ndogo, kwenye njia ya kutoka Kahama kwenda Ushirombo. Jina lake nitaliacha. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba, karani wa dirishani kwenye kliniki ya kifua kikuu, mwenye kucheka hovyo mpaka sista mkuu akanikataza kucheka mbele ya wanaokohoa. Shija kwetu Usukumani ni jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Wakubwa wangu waliitwa Kulwa na Doto, kama ilivyo kila nyumba yenye mapacha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kiume au wa kike. Hakuna anayekaa kufikiri jina. Jina linakuja na mtoto.

Kompyuta ilitoka kwa wafadhili, ndani ya sanduku lililojaa pia soksi za watoto. Yenyewe ilikuwa kibodi tu, kinene kama kitabu cha altareni. Kioo chake kilikuwa televisheni, na programu zilihifadhiwa kwenye kaseti hizi hizi za redio. Siku moja mpishi aliiona kaseti yetu mezani, akaichukua akarekodia kwaya ya Pasaka, na kazi yetu yote ikageuka aleluya. Tangu hapo nikaanza kuhifadhi kila kitu kwenye kaseti mbili, moja nikiificha kwenye pipa la unga. Hilo mlichukue, hata kama mapipa yenu ya unga siku hizi yako angani.

Aliyenifundisha ni Bruda Klementi, Msumbwa, fundi wa jenereta na pampu ya maji. Na yeye alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichokuja na mashine. Alikuwa anatoka kwenye jenereta moja kwa moja na kuketi kwenye kibodi, kwa hiyo vitufe vyetu vilikuwa vyeusi kwa dizeli. Herufi A haikuonekana kabisa, uliipapasa. Lugha ile ilipendeza kwa jambo moja: uliandika mstari, ukabonyeza, ikautenda hapo hapo. Ukikosea inakuambia kwa ukali, unarekebisha, unaendelea. Kwa msichana aliyezoea kuchapwa viboko kwa kukosea hesabu, kukaripiwa na kitu kisicho na fimbo ilikuwa raha tupu.

Safu, aliniambia Bruda, ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, vyenye namba milangoni, na chumba cha kwanza ni sifuri. Hilo la sifuri lilinisumbua. Programu yangu ya kwanza ilipita vyumba vyote kuanzia namba moja, na bibi mmoja niliyemweka chumba cha sifuri hakuitwa kamwe. Mwishowe alikuja mwenyewe, akaegemea fimbo yake, akaniuliza kwa upole kama ameshakufa na nyumbani wanamficha.

Kisha nikapatwa na ugonjwa wa kupanga. Tulikuwa na safu tatu zinazokwenda sambamba: majina, vijiji, na hali ya mtu, kwa sababu sindano ya kifua kikuu ya siku zile haikufaa kwa mwenye mimba. Chumba cha tano cha majina ni cha mtu yule yule wa chumba cha tano cha vijiji. Nikaona majina hayafuati alfabeti, nikayapanga yakapendeza. Nilipanga majina peke yake. Wiki ile mzee mmoja wa Tinde, mwenye ndevu nyeupe, alinyimwa sindano kwa kuwa mjamzito. Masele, mfuatiliaji wetu wa wagonjwa, akamwita Mama Kijacho mpaka mzee akamaliza matibabu. Ukihamisha jina, wanangu, hamisha na vyake vyote.

Na ukiwa unaondoa watu kwenye safu huku unaipita, anzia mwisho uje mwanzo. Ukianzia mbele, unamwondoa mmoja, wa nyuma yake anasogea kwenye nafasi yake, wewe umeshavuka. Unamruka. Bruda alinionyesha hili kwa kupanga chupa za dawa mezani na kuziondoa moja moja mpaka nikaona kwa macho. Nilipiga makofi. Nilikuwa napiga makofi kwa vitu vidogo siku zile.

Sasa hii hashi ilitoka kwa baba yangu, ingawa alikufa bila kujua. Baba alikuwa mfugaji. Hakuhesabu ng'ombe wake. Kwetu kuhesabu mifugo ya mtu ni kumtafutia balaa. Jioni akisimama mlangoni mwa zizi, aliwaita kwa majina na rangi zao, na asiyegeuza kichwa ndiye aliyepotea. Nilimsimulia Bruda hayo tukinywa uji. Akakizungusha kikombe. Mashine yetu ilikuwa polepole mno: kumtafuta mgonjwa ilibidi ipite chumba kwa chumba, na jenereta inakula mafuta. Akasema basi tuifundishe kuita kama baba yako.

Tulifanya hivi. Kila herufi ina namba yake ndani ya mashine. Unajumlisha namba za herufi za jina, unagawanya kwa idadi ya vyumba, na kinachobaki ndicho chumba cha mtu huyo. Hutafuti tena, jina lenyewe linakupeleka mlangoni. Ikitokea majina mawili tofauti yameangukia chumba kimoja, la pili linahamia chumba cha jirani kilicho wazi. Tulihangaika nayo masika yote. Siku ilipokubali, Bruda alitoka nje akazunguka kisima akiimba kwa Kisumbwa, na mimi nikaamini kabisa kwamba hakuna mtu wa Kahama, wa Segese wala wa Bulyanhulu atakayesahauliwa tena duniani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naota. Wasichana wenzangu waliota redio na mume mwenye pikipiki.

Kazi ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa roho ya kliniki. Mashine ilipita vyumba vyote, ikamwandika kiooni kila ambaye wiki ile hakuja kwenye dawa. Mimi nikanakili, Masele akapanda baiskeli. Alikuwa na miguu mirefu na maneno mengi, na kengele ya baiskeli yake ilisikika kabla yake. Akirudi alikuwa ananichokoza kwamba mashine yangu ina wivu, kila ikisikia ana mchumba Tinde inampeleka Bulyanhulu. Vijijini walimjua. Yeye mwenyewe aliwaambia, siku ya kwanza ya kila mgonjwa, kwamba ukishindwa kufika kwa sababu yoyote usihangaike kutembea unakohoa. Kaa nyumbani, nitakuja na vidonge vyako. Na alikuwa anakwenda kweli.

Kompyuta haikutaka vumbi. Kwa hiyo nikatolewa dirishani nikawekwa chumba cha nyuma, chenye pazia na feni. Kadi zililetwa kwenye kikapu, nami nikaingiza majina. Nilifurahi jamani. Feni.

Kulwa Masanja nilimjua tangu niko dirishani. Kwao ni nje kidogo ya Segese, na kabla ya kuugua alikuwa anawapikia wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu wali na dagaa. Tulikuwa rika moja, lakini kwa kuwa mimi ni Shija na yeye ni Kulwa, alijifanya mkubwa wangu wa kuzaliwa. Alikuwa anafika dirishani, anaweka viwiko, anadai shikamoo yake. Nisipoitoa hatoi kadi. "Shikamoo dada Kulwa." "Marahaba mdogo wangu. Doto anakusalimia, anauliza nani alikufungulia mlango kama si sisi." Foleni nzima inacheka huku inakohoa. Doto, pacha wake, sikuwahi kumwona. Alikuwa anabaki shambani ili mwenzake aje hospitali.

Nilipohamia nyuma ya pazia sikumwona Kulwa tena; nililiona jina lake. Kila wiki Kulwa Masanja amekuja. Nililisoma kiooni nikatabasamu, nikasema moyoni, shikamoo dada, nikaendelea na kadi inayofuata.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Mbuga yote kutoka Segese iligeuka tope jeusi, lile linaloshika gurudumu na haliachii. Magari yalisimama. Asubuhi moja jenereta haijawashwa, niko nje nakung'uta pazia, nikamwona Kulwa anakuja, miguu imejaa tope hadi magotini, kanga imeloa. Nilimkimbilia. Nikampa shikamoo yake kabla hajaidai. Nikamwambia amekonda lakini mashine inamsifu, hajakosa hata wiki moja.

Alinitazama.

"Mimi ni Doto," akasema. "Kulwa yuko nyumbani. Anaingoja baiskeli yenu."

Nikamwambia haiwezekani, anakuja kila wiki. Nikaenda kumwashia jenereta mwenyewe, Bruda akaja akifunga kamba ya kanzu, tukaandika jina, na kioo kikajibu: Kulwa Masanja, amekuja. Doto hakujua kusoma. Akauliza kimesema nini. Bruda ndiye aliyemjibu, kwa sauti ndogo. Doto akatazama televisheni kwa muda, kisha akamtazama Bruda, akasema, "Baba, nimemwacha amelala. Tangu mvua zianze hajatoka. Kila kengele ikilia njiani ananiambia nimtandikie Masele kigoda."

Mhudumu wa dirishani ndiye aliyesema kwamba nje, kwenye benchi, yuko Mzee Kulwa Masanja wa upande wa Ushirombo. Mzee wa kanisani, mpole, anayefika kabla dirisha halijafunguliwa. Alianza matibabu wakati ule ule Kulwa wa Segese alipoacha kuja. Kadi yake ilipoingia kwenye kikapu na jina lake likaandikwa, mashine ilijumlisha herufi, ikaenda kwenye chumba, ikamkuta Kulwa Masanja yumo. Jina lile lile. Haikuhamia kwa jirani, maana tuliifundisha kuhamia pale tu majina yanapotofautiana. Ikadhani ni mtu yule yule ameleta habari mpya. Ikaweka kijiji kipya juu ya kijiji cha zamani, umri mpya juu ya ule, ikanyamaza. Kulwa wa Segese hakufutwa. Alifunikwa.

Mnaelewa, ninyi? Hata hizi hashi zenu zinafanya hivyo hivyo leo, na hazipigi kelele. Ukiweka kitu kipya kwenye ufunguo uliopo, yaani jina lile mnaloitia, cha zamani kinakwenda. Uliza kwanza kama yumo. Akiwemo, simama. Wala usimfanye mtu kuwa jina lake. Mwenye kitabu kile cha mashine aliyeandika kwamba jina ni ufunguo mzuri hakuwa anatoka kwenye nchi ambako kila mapacha ni Kulwa na Doto, na kila kijiji kina Masanja wake.

Tulikwenda siku ile ile. Masele mbele na vidonge kifuani chini ya koti, Doto, mimi, na Bruda aliyeacha jenereta ikiwa inanguruma bure. Baiskeli tuliibeba zaidi kuliko ilivyotubeba. Masele hakufanya mzaha hata mmoja njia nzima. Tulipokaribia boma lao aliipandisha baiskeli barabarani, akaipiga kengele. Sikumwuliza kwa nini. Akaipiga tena, akaendelea kuipiga mpaka tukafika uani.

Mama yao alisimama mlangoni, akatupokea kwa mwangaluka, salamu ya kwetu, kama wageni wa heri, na ndani kigoda kilikuwa kimetandikwa kitambaa cheupe.

Kulwa alikuwa amelala kwa ubavu. Sijui niwaelezeje. Alikuwa mikunjo ya shuka tu. Lakini macho yalikuwa yake, akanitafuta nyuma ya wale wanaume, akanipata.

"Shikamoo yangu," akasema.

"Shikamoo dada Kulwa."

"Marahaba." Akapumzika kutafuta pumzi. "Nilimwambia Doto mtakuja. Mmechelewa tu."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayewahurumia kwa tope la njiani, na mama yake akamshika kichwa akisema ng'wanawane, ng'wanawane, mwanangu, tulia. Masele aliketi kwenye kile kigoda kwa sababu mama alimsihi, akakaa na koti lake linalochuruzika maji juu ya kitambaa cheupe, mikono imekaa mapajani kama si yake.

Tulimbeba kwa machela hadi hospitali. Alianza sindano upya, na kwa siku chache alikunywa uji, akadai shikamoo kwa kila muuguzi, hata waliomzidi umri. Kisha akaacha kudai. Mapafu hayakuwa na mahali pa kuanzia. Alizikwa kwao, mvua zikiwa bado.

Bruda hakuimba tena kando ya kisima, angalau si mimi nikisikia. Aliketi na programu ile akaibomoa. Kila mgonjwa akapewa namba, na namba ikawa ndiyo ufunguo. Jina likawa ndani, pamoja na kijiji na vingine, likijirudia litakavyo. Kwa mkono wake aliandika juu ya televisheni, kwa chaki: namba iliyokwisha kutolewa haitolewi tena, hata mwenyewe akiondoka. Kwa sababu ukiitoa tena unarudi kule kule, mtu juu ya mtu. Ni kanuni nzuri. Sijaiona iliyo bora katika kazi hii, na ninyi mtaikuta katika vitabu vyenu kwa maneno marefu. Tuliwarudisha Kulwa wote wawili, kila mmoja chumba chake. Kulwa wa Segese alikuwa ameshakufa nilipomwandikia cha kwake.

Miezi ikapita, Doto akaanza kukohoa. Haishangazi, walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja. Alikuja mwenyewe, mapema, na safari hii niliomba nimwandikishe mimi, dirishani, kwa kalamu, niiingize baadaye. Nikamwuliza jina, ingawa nalijua. Nikamwambia nitampa namba.

"Nipe ya Kulwa," akasema. "Tumezoea kugawana."

Nikamweleza. Nilimweleza kama Bruda alivyonieleza, kwa chupa za dawa, nikiwa nazipanga kwenye ubao wa dirisha, hii yako, hii yake. Nikamwambia nikikupa namba yake, kila ukija mashine itadhani Kulwa amekuja.

"Basi si idhani."

Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Nilitaka kumpa, wanangu. Ingekuwa kubonyeza tu. Nikampa namba mpya, yake mwenyewe, akaichukua ile kadi akatazama asichoweza kukisoma, akaenda kwenye sindano.

Mashine yenyewe haikuishi sana baada ya hapo. Vumbi lilipita pazia, mchwa wakaingia kwenye sanduku la kaseti, Bruda akahamishwa, na vipuri havikupatikana. Kaseti ya kwenye pipa la unga ninayo mpaka leo. Hakuna chombo cha kuisoma. Wote walioko mle ndani, waliopona na wasiopona, wamefungiwa pamoja na mimi sina ufunguo. Mjukuu wangu anasema kuna watu mjini wanaweza kuifungua. Sijampa.

Lakini kabla haijafa, kuna jambo nilikuwa naliacha. Mgonjwa akifariki, ilikuwa kazi yangu kuingiza alama ili asihesabiwe tena Ijumaa. Kwa Kulwa sikuiingiza. Mwanzoni nilijiambia nitaiingiza kesho. Basi kila Ijumaa kioo kikawa kinamtaja pamoja na waliokosa, Kulwa Masanja, Segese, nami nikawa nanakili wote kwenye karatasi ya Masele isipokuwa yeye. Masele alijua. Alikuwa akipokea karatasi anaipitia, halafu anatazama kidogo kioo, anaikunja anaondoka.

Doto alimaliza dawa. Hakukosa hata mara moja, mvua au jua. Siku ya mwisho alikuja nyuma, akafunua pazia, hajawahi kuingia mle tangu asubuhi ile ya tope. Alikuwa amenenepa kidogo, na sura ikawa ile kabisa, ya viwiko dirishani. Akasimama mbele ya televisheni.

"Ile ya Kulwa bado ipo?"

"Ipo."

"Inasemaje?"

Nikaibonyeza namba, ingawa nilijua, nikamsomea kama ilivyoandikwa.

"Inasema hajaja."

Akatikisa kichwa polepole, kukubali. Akashusha pazia vizuri, lisiingize vumbi.